Tarehe za Daftari la Mvua

Muhula huu tumekuwa na mabishano makali katika chumba cha kompyuta, na kwa kuwa yamekwisha kutoka chumbani hata yakafika kwenye meza za chakula, naona yafaa kuyaleta katika gazeti letu ili kila mtu ayapime. Mabishano yenyewe ni juu ya tarehe. Wako wenzetu wanaosema kwamba tarehe zote za daftari letu la mvua ziandikwe katika kompyuta kama maneno tu, vile liandikwavyo jina la mtu, ili mashine isipate nafasi ya kuzigeuza. Mimi napinga shauri hilo. Tukilifuata tutakuwa kama mtu aliyemvunja mbuzi wake mguu ili asitoroke, kisha siku ya soko akashangaa kwamba mbuzi hatembei.

Kwanza nieleze habari ya daftari, maana wako wa kidato cha kwanza wasiojua ni kitu gani. Kile chombo cha bati kilichosimama peke yake uwanjani, mbali na miti, si kopo lililosahauliwa na fundi. Ni chombo cha kupimia mvua. Kila siku saa tatu asubuhi mwenye zamu hukisoma, akaandika tarehe na milimita katika daftari, akamwaga maji, akarudi darasani. Kwa hiyo mvua iliyonyesha jana usiku saa nne huandikwa leo asubuhi, na jambo hili limewahi kuleta ugomvi wake peke yake, ila leo siuingii.

Sisi wa Karusandara tunakaa chini ya Rwenzori. Milima hujipatia mvua nyingi, nasi wa tambarare inayoelekea ziwa George hubakiwa na sehemu ndogo. Ndiyo maana mifereji ya skimu ya Mubuku, inayochukua maji ya mito Sebwe na Mubuku, imekuwa uhai wa mahindi, mpunga na vitunguu. Lakini si kila shamba lina mfereji. Mkulima asiye na mfereji hutazama mbingu, na hana haja kubwa ya kujua mwaka mzima ulipata milimita ngapi. Huuliza: mvua za Machi zilianza tarehe gani? Mbegu zilipokwisha kuota, zilikaa siku ngapi bila kurudi? Katika miaka kumi, ni mingapi ambayo zilidanganya, zikanyesha mara mbili kisha zikakauka? Maswali hayo yote hujibiwa kwa tarehe kabla hayajajibiwa kwa milimita.

Tena ziko tarehe ambazo hapa Kasese hazihitaji maelezo. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba uliacha njia yake, ukapiga Kilembe na mji wa Kasese. Tarehe 7 Mei 2020 mito ilishuka tena kutoka milimani, Nyamwamba na Mubuku na mingine, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Wamo miongoni mwetu ambao nyumbani kwao kila jambo husemwa kuwa lilitokea kabla ya maji au baada ya maji.

Basi wenzetu wa chama cha hesabu wameanza kulinakili daftari katika kompyuta, nao hutumia lugha ya mashine iitwayo R. Lugha hii ilianzishwa na walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand, Ross Ihaka na Robert Gentleman, katika miaka ya 1990. Haiuzwi; shule maskini na benki tajiri huipata kwa bei moja, yaani bure. Toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, nayo ni tarehe adimu kweli kweli, kwani mwaka unaoishia kwa sifuri mbili hupewa siku hiyo mara moja tu katika miaka 400.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa ndogo. Walitaka mashine ipitie tarehe moja moja, kama mwalimu anayeita majina asubuhi, na kila tarehe iiandike kwenye kioo. Kazi ya namna hii huitwa mzunguko, maana mashine hurudia jambo lile lile tena na tena mpaka orodha iishe. Wakaandika hivi:

for (s in siku) print(s)

Maana yake ni kwamba kila s iliyomo katika siku iandikwe, moja baada ya nyingine. Walitazamia kuona 2020-05-07. Wakaona 18389. Tarehe iliyofuata ikawa 18390, na ya tatu 18391, na chumba kizima kikalipuka. Mmoja akasema kompyuta imeingiwa na virusi. Mwingine akasema hizo ni nambari za simu zilizokatika mwisho. Wa tatu, ambaye ni mtu wa vitendo, akatoa shauri hili ninalolipinga: tarehe ziwe maneno, mambo yaishe.

Nataka msomaji aitazame vizuri hiyo 18389, kwani ndani yake mna siri yote. R haihifadhi tarehe kama sisi tunavyoiandika, kwa siku na mwezi na mwaka. Huhifadhi hesabu ya siku zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970. Siku ile ni 0, kesho yake ni 1, na kuendelea. Siku zilizotangulia huhesabiwa kinyume: Uhuru wa Uganda, 9 Oktoba 1962, ni -2641. Mafuriko ya 1 Mei 2013 ni 15826, na yale ya 7 Mei 2020 ni 18389. Ukitaka kujua ni siku ngapi zilipita kati ya maji ya kwanza na ya pili, huna haja ya kalenda, wala ya kuhesabu mifupa ya ngumi ili ukumbuke ni mwezi upi una siku 31. Toa tu 15826 katika 18389, upate 2563. Ile miaka yenye siku 366 iliyomo katikati imekwisha kuhesabiwa.

Wala wazo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Wazee wa pwani, wakulima na mabaharia, waliuhesabu mwaka wa Nairuzi kwa siku zake 365, tangu Siku ya Mwaka, kwa miongo ya kumi kumi, bila kuingoja miezi ya mwandamo. Mtu aliuliza tuko mwongo wa ngapi, akajibiwa, na mwenye jahazi akajua upepo gani umekaribia, na mwenye shamba akajua kama wakati wa kupanda umefika. Huko Makunduchi katika kisiwa cha Unguja sherehe ya Mwaka Kogwa hufanywa mpaka leo. Wazee hao hawakuwa na kompyuta, lakini kama ungewaonyesha 18389 wangeuliza mara moja: tangu lini? Chumba chetu kizima hakikuwa na mtu wa kuuliza hivyo.

Na swali hilo si la mchezo. Sehemu ya daftari ilikuwa imekwisha kuandikwa zamani katika majedwali ya Excel, nayo Excel pia huhifadhi tarehe kwa hesabu, ila huanza na mwaka 1900. Kwa Excel siku ile ile ya 7 Mei 2020 ni 43958. (Tena huhesabu tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwako duniani.) Mtu akiichukua 43958 na kuitia katika R kama ilivyo, ataambiwa kwamba mafuriko yatakuja tarehe 9 Mei 2090. Watu wa Kilembe wangefurahi kuambiwa hivyo, lakini si kweli.

Sasa, kwa nini tarehe zilionekana kama tarehe kabla ya mzunguko, zikawa nambari ndani yake? Katika R orodha ya tarehe ni vitu viwili: nambari zenyewe, na alama iliyobandikwa juu yake isemayo kwamba hizi ni tarehe. Ukiagiza orodha nzima iandikwe, mashine huisoma alama, ikazigeuza nambari kuwa mwaka, mwezi na siku kwa faida ya macho yetu. Lakini alama hiyo ni moja kwa orodha nzima, haikubandikwa juu ya kila tarehe. Mfikirie mwenye duka aliye na gunia la mchele wa Mubuku, na juu ya gunia imeshonwa karatasi yenye jina la mchele na uzito wake. Akija mtu akachota kibaba kimoja kimoja na kukumiminia mkononi, mchele ni ule ule, lakini karatasi imebaki guniani. Mzunguko wa for huchota namna hiyo hiyo. Hutia mkono ndani ya gunia, karatasi hauitazami.

Hapa nina lalamiko langu mwenyewe. Iko orodha ya aina nyingine katika R, ile ya makundi, kama vile majina ya vijiji yanayorudiwa mara nyingi, ambayo nayo ndani yake ni nambari zilizobandikwa alama. Orodha hiyo ikiingia katika mzunguko, R huigeuza kwanza kuwa maneno ili isomeke. Tarehe haikupewa heshima hiyo. Kwa nini mgeni mmoja apewe kiti na mwenzake asimame mlangoni? Mimi naona ni upungufu, nami nasema hivyo hata kama waliotunga lugha ni maprofesa. Hata hivyo kanuni ni ile ile kila siku, asubuhi na jioni, na kitu chenye kanuni mtu huweza kujifunza.

Turudi kwa wale wa maneno. Sikatai kwamba shauri lao lina faida: neno halina alama ya kupotea, likiingia katika mzunguko hutoka vile vile. Lakini tazameni linavyotugharimu. Daftari letu limeandikwa kwa desturi yetu, siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Mashine ikipanga maneno huanza na herufi au tarakimu ya kwanza, kama kamusi. Kwa hiyo 03/03/2021 itakaa mbele ya 07/05/2020, kwa kuwa 03 hutangulia 07, na mwaka hautazamwi mpaka mwisho. Watanijibu: basi tuandike mwaka kwanza. Vema, hapo mpangilio utanyoka, nakubali. Lakini toa neno katika neno, upate siku ngapi? R itakataa, nayo ina haki, maana hata mimi sijui neno Bwera likitolewa katika neno Kasese hubaki nini. Na yule mkulima aliyeuliza mvua zilikaa siku ngapi bila kurudi, tumwambie arudi mwakani?

Tena iko hatari mbaya zaidi, mbaya kwa sababu haipigi kelele. Ukiipa R neno 07/05/2020 na kuiagiza iligeuze kuwa tarehe, bila kuieleza mpangilio, huisoma 07 kuwa mwaka, 05 kuwa mwezi, na 20 kuwa siku. Huonywi. Unapata 0007-05-20, yaani mwaka wa saba baada ya Kristo, wakati ambapo sidhani kama palikuwa na mwenye zamu uwanjani. Kinga yake ni kuieleza mashine wazi:

siku <- as.Date(maandishi, format = "%d/%m/%Y")

Herufi d ni siku, m ni mwezi, na Y kubwa ni mwaka wa tarakimu nne. Fanya hivyo mara moja, mlangoni, daftari linapoingia katika mashine, kisha usiyarudie maneno mpaka utakapokuwa tayari kupiga chapa karatasi ya mwisho ya kuwasomea watu.

Ama mzunguko wenyewe, njia za kuutengeneza ni tatu, nami sizipendi sawasawa.

Ya kwanza ni kuibandika alama upya ndani ya mzunguko kwa as.Date(s). Kaka mmoja aliyemaliza hapa, ambaye sasa anafanya kazi mjini, alitupelekea dawa hii kwa simu, mstari mmoja bila neno la maelezo. Kwake ilifanya kazi. Kwetu ilikataa, mashine ikidai ipewe asili, yaani siku ya kuanzia kuhesabu. Wengine wakasema kaka ametucheza. La, hakutucheza. Tangu toleo la 4.3.0, lililotoka mwaka 2023, R huipokea nambari tupu na kudhani yenyewe kwamba hesabu ilianza 1 Januari 1970. Kompyuta zetu zina toleo la zamani kuliko hilo, nazo hutaka uandike kwa ukamilifu:

as.Date(s, origin = "1970-01-01")

Mtu aliyekwisha kujua 18389 ni nini angeyaelewa malalamiko ya mashine papo hapo, kwani ilikuwa ikiuliza swali lile lile la wazee wa Nairuzi. Asiyejua alibaki na mstari wa simu usiomfaa. Kaka zetu, tunawashukuru sana kwa kutukumbuka, lakini mkitutumia dawa tutumieni na jina la ugonjwa.

Ya pili ni kuligawa gunia kwanza katika vifuko vidogo, kila kimoja na karatasi yake:

for (s in as.list(siku)) print(s)

Hii ni fupi na safi, na mtu anayetaka tarehe peke yake haimpasi kwenda mbali zaidi.

Lakini daftari letu lina safu mbili, tarehe na milimita, nazo lazima zitembee pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Ndiyo sababu mimi napendelea njia ya tatu, ambayo haiiti tarehe, bali huita nambari ya mstari:

for (i in seq_along(siku)) {
  cat(format(siku[i]), mvua[i], "\n")
}

Hapa i ni 1, kisha 2, kisha 3, mpaka mwisho wa orodha. Kwa kila mstari tunaiuliza orodha yenyewe, kwa mabano ya mraba, itupe tarehe ya mstari huo, nayo hutupa pamoja na alama yake. Kwa nambari ile ile tunapata na mvua ya siku hiyo. Mwenzangu mmoja huandika 1:length(siku) mahali pa seq_along(siku), na siku nyingi hapati taabu. Atapata taabu siku orodha itakapokuwa tupu, tuseme amechagua mwezi usio na kipimo hata kimoja, maana hapo mashine itahesabu 1 kisha 0, na itatafuta mistari isiyokuwako.

Kisha nasema jambo ambalo litawaudhi wote, wa maneno na wa nambari: mara nyingi mzunguko hauhitajiwi kabisa. Tumebishana majuma mawili juu ya kupitia tarehe moja moja, na kazi tuliyotaka ilikuwa jumla ya mvua kwa kila mwezi. Hiyo ni mistari miwili:

mwezi <- format(siku, "%Y-%m")
tapply(mvua, mwezi, sum)

Mstari wa kwanza huzisoma tarehe zote kwa pamoja, alama ikiwa mahali pake, ukatoa mwaka na mwezi. Wa pili huzigawa milimita kwa miezi na kuzijumlisha. Na yule mkulima wetu? Chagua siku zenye mvua tu, kisha iite diff juu ya tarehe zake, utapata hesabu ya siku kati ya kila mvua na iliyofuata. Wa maneno hawawezi kupata jibu hilo bila kuzirudisha tarehe zao kuwa tarehe, na hapo watakuwa wamezunguka mlima mzima ili kurudi nyumbani.

Msidhani pia kwamba hasara hii iko katika for peke yake. Ifelse, inayochagua kati ya majibu mawili, ukiipa tarehe nayo hukurudishia nambari tupu. Mtu aliyefundishwa mstari mmoja wa dawa ya for ataanza kilio upya. Kwa hiyo naomba kwamba katika masomo ya kompyuta tuonyeshwe hesabu iliyomo ndani ya tarehe kabla hatujafundishwa mzunguko. Ni kazi ya nusu saa. Unaandika unclass(siku), unaziona nambari zikiwa uchi, unatoa moja katika nyingine kwa mkono ubaoni, na umekwisha.

Iko kazi moja ya mwisho ambayo tarehe zetu zimetufanyia, nami naiona kubwa kuliko zote. Tuliiambia mashine iandike siku zote tangu ya kwanza katika daftari mpaka ya mwisho, bila kuruka, kisha itutajie zile zisizomo:

zote <- seq(min(siku), max(siku), by = "day")
zote[!(zote %in% siku)]

Haikuchukua hata nukta moja. Orodha ikatoka, nayo ilikuwa ndefu kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Sehemu kubwa ya siku zilizopotea ni za likizo. Likizo ya Mei huangukia mwisho wa mvua kubwa, na ile ya Agosti huangukia wakati mvua za pili zinapoanza au kukaribia. Yaani chombo chetu husomwa kwa uaminifu majira ya vumbi, na kuachwa majira yanapobadilika. Wako waliotaka kujaza 0 katika siku hizo ili jedwali lipendeze. Nilisimama kinyume chao, na nafurahi kwamba wengi waliniunga mkono. 0 maana yake ni kwamba mtu alitazama akakuta pakavu. Siku isiyotazamwa huandikwa NA, ambayo kwa R ni kukosekana kwa kipimo. Ukijaza 0 umetunga ukame ambao huenda haukuwako, na atakayeujua uongo huo ni yule atakayepanda kwa kuuamini.

Kwa ajabu, katika orodha hiyo ya siku zilizopotea hamna Mei 2020. Mwezi wa Machi mwaka ule shule zote za Uganda zilifungwa kwa ajili ya Korona, wanafunzi wakarudi kwao, na kwa haki daftari lingekoma hapo. Halikukoma. Kurasa zinaendelea kwa mwandiko mwingine, wa penseli, mkubwa na wa kuegemea kushoto. Ni wa mlinzi wa misheni aliyebaki kuangalia majengo. Hakuna aliyemwagiza. Aliona vijana wakifanya kila asubuhi, nao walipoondoka akafanya yeye, tarehe na milimita, hata siku ile ya tarehe 7. Wenzangu wa maneno hupenda kusema kwamba kuigeuza tarehe yake kuwa 18389 ni kumkosea heshima. Mimi naona kwamba heshima ya mzee yule imo katika hesabu hiyo, kwa kuwa hakuruka siku: 18388, 18389, 18390, kila moja na kipimo chake, na mashine imethibitisha.

Yabaki mambo mawili, na yote mawili yahitaji watu. Daftari la kwanza limeng'oka kurasa. Kama yuko kati ya kaka zetu wa zamani aliyekuwa na zamu ya mvua, akanakili vipimo katika daftari lake mwenyewe, tunamwomba alipeleke ofisini au atutumie picha ya kurasa, na tarehe ziandikwe kama zilivyo, tutazigeuza sisi. Jambo la pili ni zamu ya likizo. Kwa wale wanaokaa karibu, hapa Karusandara na vijiji vya jirani, karatasi ya majina imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha kompyuta. Wiki ya kwanza ya Mei nimeichukua mimi. Wiki ya pili na ya tatu bado hazina mtu.